Neno Nililomwambia Kaka

Kaka yangu ni fundi seremala, mpole kiasi kwamba wateja walimbatiza Taratibu. Saratani ya ngozi ilipompanda kichwani, madaktari walimpasua wakautoa uvimbe, kisha wakamwanzishia dripu ya kuamsha kinga ya mwili. Hakuwa na mke, kwa hiyo alihamia kwangu. Nesi alinivuta pembeni akanieleza kwamba dawa ile wakati mwingine huifanya kinga imgeukie mgonjwa mwenyewe. Akibadilika tabia, hata kidogo, nipige simu siku hiyo hiyo. Nikaitikia kama mtu anayeelekezwa njia anayoijua.

Baada ya dripu ya tatu, Taratibu akaacha kulala. Akaligongomelea kabati lake misumari, akidai kuna watu wanampekulia nguo. Nikajisemea ni uchovu wa kuugua. Siku ya nne nilimpelekea chai, akaimwaga kwenye sinki huku ananitazama.

"Unanitilia sumu," alisema, kwa sauti yake ileile ya upole. "Unaitaka nyumba ya baba."

Miezi miwili nilikuwa namwogesha na kumsafisha kidonda. Damu ikanichemka.

"Bora ungebaki palepale mezani walipokupasulia."

Alichukua mfuko wake, akaenda kulala karakanani. Nami nikanuna. Siku tisa sikumpigia simu, wala sikumpigia nesi. Siku ya kumi jirani yake, fundi wa makochi, alimkuta amejikunyata chini ya benchi la kazi, anaongea na ukuta, mguu mmoja hausogei.

Hospitalini waligundua kwamba kinga yake ilikuwa inaushambulia ubongo. Walisimamisha dripu, wakampa dawa kali za kuituliza. Akili ilirudi baada ya wiki mbili. Mguu haukurudi wote. Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama ningemwahisha. Alipekua faili kwanza, halafu akasema siku zile zingesaidia.

Nilikwenda kumwomba Taratibu msamaha. Akasema hakumbuki misumari, wala sumu, wala nyumba ya baba. Nikashusha pumzi.

"Lile la mezani nalikumbuka," akasema. "Ulikuwa na hasira, mdogo wangu. Najua."

Saratani haijarudi mpaka leo. Anatembea kwa mkongojo na kupiga randa akiwa ameketi. Jumapili huja tukacheka mambo ya utotoni, na kila nikimwomba arudi kukaa kwangu, hunijibu kwamba karakanani kuna hewa nzuri. Simbishii.