Kichaka Namba Kumi na Tisa

Baba alinibandika jina la Mama Mazishi kwa kosa moja tu. Nilikuwa mgeni katika kituo chetu cha utafiti wa jangwa, nikaandika daftarini kwamba kichaka namba saba kimekufa, bila kukikwaruza. Mvua ikanyesha, namba saba ikachipua, na baba, mtafiti mkuu, akacheka hadi akakaa mchangani.

"Umezika mzima, mwanangu! Kwaruza gome kwanza. Ukiona kijani, andika kimelala. Usipoona, ndipo uzike."

Sasa yeye ndiye aliyelala, siku ya tisa hospitalini tangu aanguke, akipumulia mashine. Daktari alitaka nitie sahihi izimwe. Nilimfokea kana kwamba yeye ndiye aliyemwangusha baba. Nikamwambia asubiri hadi kesho, maana siku hiyo ilikuwa ya kuhesabu vichaka, na baba hakuwahi kuiruka.

Nilivipitia kimoja kimoja na daftari lake mkononi. Kila kilichokauka kilikuwa na alama ya kisu chake kwenye gome, isipokuwa namba kumi na tisa. Hakikuwa na jani hata moja wala mkwaruzo, ila daftarini kiliandikwa "kimelala" miaka kumi na mmoja mfululizo. Kibati chake cha namba alikifunga mama kwa mikono yake, mwaka ule aliofariki.

Kweli mganga hajigangi. Mzee mkali kama yule, kumbe aliogopa kichaka! Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunisikia.

Nikatoa kisu. Nikakirudisha mfukoni. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mbaya, "kimelala".

Kesho yake nilimuuliza daktari, "Mmemkwaruza?"

"Samahani, dada?"

Nikamweleza habari ya gome na kijani. Alinisikiliza hadi mwisho, yeye niliyemfokea jana.

"Tumemmulika macho," akasema. "Tumemfinya. Tumeitoa mashine kidogo tuone kama atavuta pumzi mwenyewe. Mara mbili, madaktari tofauti." Kisha akaongeza polepole, "Hamna kijani, dada. Pole sana."

Niliomba kalamu. Nikainama sikioni kwa baba.

"Baba, safari hii Mama Mazishi amekwaruza."

Nikatia sahihi.