Usukani Mzito wa Baba Mkwe

Kama kuna kitu kibaya kuliko gari bovu, basi ni gari zima ambalo baba mkwe wako anaapa kuwa ni bovu. Fundi alikuwa ameinamia boneti iliyo wazi, jasho likimtiririka na akili ikimgoma.

“Tangu juzi usukani ni mzito,” mzee alikuwa amemwambia. “Kukata kulia ni kazi ya punda. Jana nikampelekea fundi wa pale stendi, ati anasema hauna kitu. Tapeli mkubwa yule!”

Kwa hiyo Fundi akisema hauna kitu, atakuwa tapeli wa pili, tena tapeli aliyeoa binti wa watu.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, na mzee alilipenda waziwazi kuliko wakwe zake wote. Usukani wa magari hayo husaidiwa na mafuta yanayosukumwa na pampu. Fundi akaangalia mafuta: yamejaa, safi, hayana povu. Mkanda unaozungusha pampu umekaza vizuri. Akatega sikio kwenye pampu, hailii. Upepo wa matairi uko sawa. Akapiga jeki mbele, akayatikisa matairi kwa hasira, hakuna kinachocheza.

Akaliendesha kuzunguka uwanja wa gereji. Kulia, kushoto, kulia tena. Usukani ulizunguka kwa kidole kimoja.

“Umeona?” mzee akamuuliza, kifua mbele.

“Nimeona, baba,” Fundi akajibu. Hakuwa ameona chochote. Alichanganyikiwa kabisa, na aibu nayo ilikuwa imeanza kumpanda.

Mwishowe akasema, “Hebu endesha wewe, baba. Mimi nikae pembeni.”

Miaka yote tangu aoe, kwa heshima, alikuwa akipanda kiti cha nyuma. Hakuwahi kuketi ubavuni mwa mkwewe akamtazama akiendesha.

Walipokata kushoto, gari lilitii bila shida. Walipotaka kukata kulia, mkono wa kulia wa mzee ulishika usukani, ukateleza, ukaangukia pajani. Mzee akauokota kwa mkono wa kushoto, akaurudisha mahali pake, wala hakushtuka.

“Unaona ulivyo mzito?”

Fundi bado aliwaza pampu. Kisha akautazama tena ule mkono wa kulia.

“Baba, simamisha gari. Nishike mikono, unibane kwa nguvu zako zote.”

Mzee alimtazama vile mtu anavyomtazama mkwe aliyeanza kurukwa na akili, lakini akambana. Mkono wa kushoto nusura umvunje vidole. Wa kulia ulilala tu kiganjani mwake, laini, wenye joto, bila nguvu yoyote.

“Na huu, baba?”

“Na huo si nimebana!”

Fundi aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo mbele ya gari lolote.

“Hamia huku, baba. Niendeshe mimi. Tunaenda hospitali sasa hivi.”

“Hospitali siku hizi wanatengeneza usukani?”

Fundi hakucheka. Alishuka, akazunguka mbio, akafungua mlango wa dereva. Mzee hakuinuka. Alikuwa anautazama mkono wake uliolala pajani.

“Bana,” akauambia taratibu.

Akangoja.

“Bana, nimesema.”