Ulinzi wa Mujinga

Miye Vanessa, wa Saio, kartie moja ya muji hapa Bunia, siwezi simama kama mujinga mbele ya watu. Nilimwambia Fiacre wazi.

Fiacre njo mwalimu wetu wa upanga murefu, ule wa wazungu wa zamani, wa kushika na mikono mbili. Alijifunza kwa video mu telefone, akatuchongea panga za mbao. Ulinzi, ni kusema namna za kusimama na upanga, iko ine. Paa, kama paa ya nyumba, upanga juu ya bega. Ngombe, upanga kando ya kichwa, ncha mbele kama pembe. Jembe, mikono ku kiuno, ncha inatazama koo ya mwenzako. Hizo nilizipenda. Ya mwisho njo Mujinga: unashusha ncha mupaka chini, kichwa wazi, adui afikiri umelala, aingie, umupige.

"Aingie mu kichwa ya nani?" nikamuuliza. "Mujinga ni weye!"

"Vanessa, bila Mujinga, Kamate atakupiga tu."

Kamate! Ule kijana wa kusema mwanamuke ashike mwiko, upanga hapana. Mwenye angeshinda kati yetu siye wawili njo angebeba upanga wa chuma, ule mumoja tu wa klabu, mbele ya kartie yote. Niliutaka mupaka nikauota.

Samedi, Jumamosi ya mashindano, watu wakajaa mu uwanja. Kugusa mara tatu njo kushinda, ao kuangusha mwenzako chini mara moja. Kamate akanipiga bega, akanipiga mukono. Miye kila mara niko mu Paa, na yeye alishajua kile nitafanya. Watu wanacheka. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Akinigusa tena, basi, imeisha.

Njo mama mukwe wangu, Mama Gertrude, akatokea kati ya watu na kikapo ya sombe, majani ya muhogo. Ee Mungu wangu! Kwetu hata nyumba ikiungua, mukwe unamusalimia kwanza. Magoti yakajikunja yenyewe, kama kila asubui, macho chini, mikono chini, ncha mu vumbi.

"Jambo, Mama."

Kamate akaona kichwa yangu wazi, akaruka na upanga juu. Nikainua mikono tu. Ncha ikamupata katikati ya kifua, mu lile koti tulishona na sponji ya godoro, akakaa chini na matako, pwaa!

"Mujinga safi!" Fiacre akapiga kelele. "Ameshinda!"

Mama Gertrude akatua kikapo, uso mukali.

"Bibi ya mutoto wangu, anavaa pantalo kama mwanaume, anaangusha wanaume! Nani alikufundisha kusimama vile?"

Nikamutazama mu macho, mara ya kwanza tangu ndoa.

"Ni weye, Mama. Kila asubui."