Toba Isiyokuwa na Wazee

Tangu asubuhi Uwamahirwe alikuwa akitafuta visingizio vya kuingia chumbani kwa mdogo wake. Mara amesahau sabuni, mara anataka kitenge cha kumbebea mwanawe Ngoga, mara anauliza kama mle ndani hakuna joto. Kila alipoinua pazia alimkuta Gisubizo vilevile: uso ukutani, shuka mpaka sikioni, na kikombe cha chai kimefanya utando. Kila alipotoka alisimama nyuma ya pazia kusikiliza kama anapumua.

Uvira ni mji mwembamba, mlima huku, ziwa kule. Ukitoka mlangoni kwao, mtaa wa Kilibula, ukaiacha miguu ishuke yenyewe, unafika majini. Uwamahirwe hakutaka kulifikiria jambo hilo, na hakuwa na jingine alilolifikiria.

Gisubizo alikuwa na miaka kumi na tisa, na mtaani alikuwa mtu mashuhuri. Yeye na wasichana wenzake wawili walicheza nyimbo za Korea, hatua kwa hatua, kidole kwa kidole, wakajipiga video kwa simu na kuziweka mtandaoni. Watu waliwaita Wakorea wa Kilibula. Walitazamwa mpaka Bujumbura. Aliyewafundisha bila kuwajua ni mwimbaji mmoja wa Seoul, Yun Sera, ambaye Gisubizo alimpenda kama unavyompenda ndugu aliye mbali. Sketi zao alizishona Uwamahirwe mwenyewe, Ngoga akinyonya, cherehani ikipumzika kila alipolia.

Kisha ziwa likapanda. Maji yakaingia mitaa ya chini ya Kimanga, watu wakahamisha magodoro. Asubuhi moja wale wasichana wakashuka kule, wakacheza barabarani, maji yakiwafika vifundoni, kwa sababu Yun Sera alikuwa na wimbo wa kuchezwa kwenye mvua. Walicheka, wakarudi. Mchana wa siku ileile, mtaa wa pili kutoka hapo, mtoto aliyeitwa Térence, mwana wa mama mmoja jina lake Apollinarie, aliingia kwenye mtaro ambao maji yalikuwa yameufunika. Walimtoa amekwisha.

Gisubizo hakuwa na habari. Jioni umeme uliporudi simu ikapata chaji, naye akaiweka ile video yake mtandaoni.

Kulipokucha, mtu ambaye mpaka leo hajulikani alikuwa ameunganisha picha ya mtoto na ile ngoma, akaandika chini: Huyu anacheza juu ya maiti.

Ndivyo ilivyoanza. "Mama yake alimuzaa mu video?" "Mukorea wa bandia, rudi kwenu!" Watoto wakawa wanamfuata barabarani: "Korea! Korea! Kuya utuchezee ku kilio!" Mwendesha pikipiki mmoja alimshusha katikati ya njia, akasema hapakii mchawi. Wenzake wawili wakatangaza kwamba wao walilazimishwa, wakazima simu.

Hapo ndipo Uwamahirwe alipotoa shauri lake, na alilitoa kwa upendo.

Katika kanisa lao, tangu kule milimani wazazi wao walikotoka, aibu ilikuwa na mwisho wake. Mwimbaji wa kwaya anayekosa anatengwa, anakaa benchi la nyuma, haimbi. Siku akiwa tayari anasimama mbele ya watu wote na kusema kosa lake kwa kinywa chake. Wazee wanasimama, kanisa zima linapita kumpa mkono, mmoja mmoja, hata waliomsema vibaya. Kuanzia hapo neno limefungwa. Atakayelifukua atatengwa yeye. Uwamahirwe alimwona Rukundo, mpiga ngoma, akirudishwa hivyo, huyo Rukundo ambaye alikuwa amelewa mpaka akalala madhabahuni, na hakuna aliyemcheka tena.

Tena Yun Sera naye si alitubu? Miezi iliyopita, kwao Korea, watu walimwona akitabasamu kwenye ibada ya kukumbuka wafu wa ajali, nchi nzima ikamwinukia. Dada hawa wawili walimtazama pamoja kwenye simu: nguo nyeusi, kamera zikimulika, ameinama mpaka nywele zimegusa meza. Uwamahirwe alifuta machozi. "Unaona," alisema, "hata kwabo banatubu. Sasa imekwisha."

Basi wakafagia nyuma ya nyumba, Gisubizo akavaa blauzi nyeusi ya dada yake, Uwamahirwe akashika simu. "Sema yote. Usijitetee. Ukijitetea haiko toba tena." Gisubizo akasema. Hakueleza kwamba alicheza kabla ya msiba. Aliomba radhi kwa Uvira yote, kisha akainama kama alivyoona, akabaki vile muda mrefu hata Uwamahirwe akabadilisha mkono wa kushika simu.

Wakaiweka. Wakakaa kungoja mikono.

Haikuja. "Mumesikia? Amekubali mwenyewe!" "Anainama sawa mbuzi ku mutoni." Mtu akaitia muziki ile video ya kuinama kwake, ikawa mchezo, jioni watoto wa mtaa mzima walikuwa wakiinamiana na kuanguka kwa kicheko. Waliotukana jana walitukana upya, na wasiojua lolote wakaanza. Hakukuwa na mzee wa kusimama na kusema imetosha.

Sasa Uwamahirwe aliinua pazia tena, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kula kidogo, mudogo wangu."

"Niache, yaya." Ndivyo kwao dada mkubwa anavyoitwa.

"Itapita. Yun Sera naye si alitubu ikaisha?"

Gisubizo aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake siku ile, na macho yalikuwa makavu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko machozi.

"Nani alikuambia iliisha?"

"Si tuliona..."

"Tuliona kuinama tu. Mega za kuangalia video ziliisha palepale. Minye niliangalia kesho yake kwa simu ya rafiki yangu Fanny. Nyuma ya kuinama ndiyo walimumaliza. Walisema hata machozi ni ya uongo. Walimutoa mu groupe yake ya kuimba, walifuta sura yake ku mabango. Mpaka leo hakuna mwenye anajua yeye iko wapi."

Uwamahirwe alihisi Ngoga amekuwa mzito ghafla mgongoni. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Juu ya nini ukakubali?"

"Juu ni weye ulisema. Weye haukunidanganyaka hata siku moja."

Alisema bila hasira, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kisha akavuta shuka. "Yaya, ile sketi ya bluu uikate, umushonee Ngoga suruali. Minye sitaihitaji."

Uwamahirwe alitoka nje. Alimkuta jirani yao Dorine akikaanga mandazi mbele ya nyumba, akamshika mkono pamoja na kijiko chake.

"Dorine, kaa ku mulango wetu. Usitoke."

"Na mafuta yangu? Nimuchunge sawa mufungwa?"

"Muchunge sawa mutoto."

Dorine alimtazama machoni, akaepua karai.

Kwanza alikimbilia kanisani. Mzee Ezechiel alikuwa uani akianika vitabu vya nyimbo vilivyolowa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kitabu kimoja kimefunguka mikononi mwake.

"Mama Ngoga, minye naweza kusimama mbele ya kanisa niseme imetosha, batanisikia. Bale ba ku simu nani ananijua? Bako Goma, bako Bujumbura, bengine bako Ulaya. Nitabaita na kengele gani?"

"Sasa nani anafunga hili neno, mzee?"

"Sijui, binti yangu." Na hakujifanya anajua. "Tuombe."

Waliomba. Uwamahirwe alisema amina, lakini moyo wake ulikuwa umerudi kwenye ile Jumapili ya Rukundo. Nani alikuwa wa kwanza kumpa mkono? Si mzee. Alikuwa mke wake, aliyemwonea haya kuliko wote. Alisimama peke yake, akatembea mpaka mbele, ndipo wengine wakafuata. Uwamahirwe akajishika kichwa. Wameomba radhi kwa Uvira yote, Bujumbura, Goma na Ulaya, na yule mama hawajampa hata pole.

Alishuka Kimanga nusu anakimbia, Ngoga akirukaruka mgongoni. Kilio kilikuwa chini ya turubai, wanawake wameketi kwenye mikeka, wengi wao watu wa bondeni, wakiongea Kirundi chinichini, rozari vidoleni. Apollinarie alikuwa katikati, kitambaa kimeshuka usoni. Uwamahirwe alipiga magoti pale mkeka unapoanzia.

"Mama Térence, pole sana. Minye ni yaya wa ule mutoto wa video."

Rozari zilisimama. "Na weye umekuya kutuchezea?" mmoja aliuliza.

"Mumuache aseme," alisema Apollinarie.

"Hakujua, mama. Walicheza asubuhi, Térence alikuwa angali..." Akakaza kitenge cha Ngoga. "Tungekuya kwako kwanza, mbele ya wote. Hatukukuya. Na sikukuya kukuomba umusamehe. Naogopa atakufa. Hakuli. Anaanza kugawa vitu vyake."

Apollinarie aliinua kitambaa usoni. Alipoongea sauti ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Ile video sijaiona. Simu yangu ni ya vibonyezo tu. Lakini ile picha ya mwana wangu, ile ya ubatizo, nani aliwapa?" Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa nyumba. "Iko moja tu. Ilikuwa hapa ku ukuta. Muntu aliingia mu kilio changu, akakula ugali wangu, akapiga ile picha, akatoka. Ni muntu mwenye ninajua, juu wageni hawakuingia." Aliwatazama wanawake mmoja mmoja, na baadhi wakatazama chini. "Mwana wangu bamemufanya fimbo ya kupigia mwana wa wengine. Hakuna aliniuliza."

"Mama..."

"Kusamehe, leo sina nguvu. Usinidai."

"Sikudai."

"Huyo mudogo wako alinichotea maji?"

"Hapana, mama."

"Basi akuye achote. Bidoni zote hapa ni tupu. Mwenye anachota maji ya kilio changu ni wa nyumba yangu, na hakuna atamutukana chini ya hii turubai. Inje yake sijui."

Wanawake waliguna, lakini hakuna aliyepinga, maana ndivyo ilivyo kwao kijijini Lubarika na kila mahali bondeni: anayefanya kazi ya kilio anahesabiwa kuwa mfiwa, na kumtusi ni kumtusi marehemu.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Kila alipoona watu wamekusanyika mahali aliona wameizunguka habari mbaya. Alipofika, Dorine alikuwa amekaa kizingitini amejaza mlango wote. "Iko ndani," alisema. "Aliuliza tu kama umeenda mbali."

Gisubizo alikuwa ameketi kitandani. Uwamahirwe alichuchumaa mbele yake.

"Mama Térence anakuita."

"Kunitukana?"

"Kuchota maji."

Gisubizo alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Batanipiga picha mu njia."

"Batakupiga."

"Batacheka."

"Bengine batacheka. Sikia, Gisubizo. Safari hii sikuambii itaisha. Minye sijui namna mambo ya ku simu yanaishaka, na nilikosa kujifanya najua. Kitu najua ni kwamba kule hakuna maji, na mama mwenye kufiwa amekuita weye."

Nje Dorine alisikika akimfukuza mbuzi. Ngoga akanyoosha mkono kutoka mgongoni, akashika nywele za mama yake mdogo, akavuta, kama afanyavyo kila siku. Hakuna aliyemwachilisha. Uwamahirwe alikuwa akisali bila maneno, amebana meno, akijiambia kwamba Gisubizo akikataa atamlaza mgongoni huyu naye, atambeba, atambeba mpaka lini hajui.

Gisubizo akashusha miguu chini. "Bidoni yetu iko wapi?"

Walikwenda wakiongozana. Bombani wanawake waliacha foleni ya bidoni zao ipinde ili wasimguse, na msichana mmoja akacheka mpaka akakaa chini. Gisubizo alijaza bidoni, lile dumu lao la njano, akaiweka kichwani, akashika njia. Watoto walimfuata wakiimba Korea, Korea. Kijana mmoja alitembea mbele yake kinyumenyume akiwa amemwelekezea simu, akiomba "Tuchezee kidogo, star!" Shingo ya Gisubizo ilitetemeka, maji yakammwagikia begani, lakini hakusimama. Uwamahirwe alimfuata karibu kabisa, hata kidole cha mguu kikawa kinakanyaga kivuli chake.

Walipofika kwenye turubai yule kijana aliingia nao, simu juu. Apollinarie alisimama, naye alikuwa mwanamke mrefu.

"Weye, umekuya kulia ao kupiga picha?"

Kijana akaishusha. Kule barabarani wengine hawakuzishusha zao.

Apollinarie alipokea bidoni kwa mikono yake, akaimimina ndani ya pipa, akamrudishia tupu. "Tena," alisema. Gisubizo akaenda tena. Aliporudi mara ya pili watoto walikuwa wamepungua. Mara ya tatu binti mmoja wa wale wafiwa, bila kumtazama, alikwenda naye.

Jua lilipoanza kulalia upande wa mlima, pipa lilikuwa limejaa. Apollinarie alisogeza goti, akafanya nafasi ndogo kwenye mkeka, akamsukumia ungo wa maharagwe. Hakumshika mkono. Hakumwita mwanangu. Gisubizo aliketi, akaanza kuchambua, vidole vyake vya kucheza vikitupa mawe upande mmoja.

Uwamahirwe alimtoa Ngoga mgongoni, akampa titi, akajifunika kwa kitenge ili watu wasimwone akilia. Hakujua kesho simu zitasema nini. Alikuwa akitazama vidole vile tu, vinavyokwenda na kurudi.

Baada ya muda mrefu alisikia sauti ya mdogo wake, ndogo, imekwaruza kwa kutotumika.

"Mama, Térence alipendaka nini?"

Apollinarie alikaa akitazama ungo. Kisha akajifuta uso kwa kitambaa, akasogea karibu zaidi ili asilazimike kupaza sauti, akaanza kumweleza.