Kinga ya Kisu

Maneno yenyewe Zipora aliletewa na mdogo wake, tena wakati anahangaika kumenya viazi kwa mkono mmoja. Nelly aliingia na begi la mazoezi begani, akanywa maji kikombe kizima, akajifuta mdomo, ndipo akasema, "Dada, leo Sensei kakutolea mfano. Kasema ulikosea mguu."

"Nilikosea nini?"

"Mguu. Wa kushoto ulitakiwa urudi nyuma kabla hujainua mkono. Kasema ungeurudisha, kisu kisingekufikia."

Zipora alikitua kisu cha viazi kwenye sinia. Alikitua polepole, maana alijijua.

"Mguu!" alisema. "Nelly, mguu?"

Watu wa mtaani pale Buseresere wanasema Zipora ana hasira za karibu, na hawamsingizii. Lakini hizi hazikuwa za karibu. Zilikuwa zimekaa wiki sita, tangu siku aliposhonwa kiganja cha kushoto na muuguzi akamwambia vidole viwili, cha mwisho na cha pete, huenda visikunjike tena. Na kweli havikukunjika. Sasa mtu anayeponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, jiwe akilishika kwa mkono huu na nyundo kwa mkono ule, mwondolee vidole viwili uone anabaki na nini. Anabaki na viazi vya kumenya. Na hata hivyo vinamshinda.

Miaka miwili alikuwa akienda mazoezini kwenye lile ghala la pamba la zamani, Jumatano na Jumamosi, akitoka kuponda mawe, vumbi bado limo masikioni. Donatus, wanayemwita Sensei, alikuwa ametokea Mwanza na mkanda wake mweusi, na wanawake wa machimboni aliwafundisha bure. Hilo lazima lisemwe, hata kama linaudhi. Hakuwa tapeli. Aliwafundisha karate kama alivyofundishwa yeye: adui anakuja na kisu, unarudisha mguu wa kushoto, unainua kigasha, unakinga, unamshika kifundo cha mkono, unazungusha, kisu kinadondoka. Zipora alikuwa ameifanya mara mia na zaidi. Masudi wa bodaboda, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, alimjia na kisu cha mti, na kila mara kile kisu kilidondoka. Kila mara! Mtu akiona hivyo miaka miwili, kwa nini asiamini?

Basi akaamini. Na ndiyo maana siku ile saa nne asubuhi, jua limeshawaka, amejitwika kiroba cha mawe kwenye njia ya kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kwenda mwaloni wanakooshea mawe, mtu alipotokea kwenye majani na kisu mkononi akamwambia "Tua hicho kiroba," Zipora hakukimbia. Hilo ndilo lililomkata maini kila alipolala na kila alipoamka. Angeweza kukimbia. Miguu alikuwa nayo, njia ilikuwa wazi, karasha la kusagia mawe lilikuwa linanguruma hapo mbele na watu wamejaa. Badala yake alikitua kiroba chini vizuri, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa, akarudisha mguu wa kushoto, akainua mkono.

Aliurudisha huo mguu. Aliurudisha jamani!

Na kinga ya kwanza ilikubali. Ila alipotaka kuushika ule mkono auzungushe, mkono haukuwepo. Ulikuwa umesharudi kwa mwenyewe, unakuja tena. Mara ya pili ulimchana kigasha. Mara ya tatu alikidaka kisu chenyewe kwa kiganja, makali yote. Hapo karate yote ikamtoka kichwani, akapiga mwano, ule ukelele ambao Msukuma akiusikia anaacha hata ugali mezani na kutoka na fimbo. Watu wakamiminika kutoka kwenye karasha. Yule mtu akabeba kiroba, akatokomea.

Sasa Nelly, mwenye miaka kumi na tisa, ndiye angeanza kuponda mawe Jumatatu badala ya dada yake. Njia ni ileile, hakuna nyingine. Na yule mtu hajakamatwa.

"Wewe ukikutana naye utafanyaje?" Zipora alimuuliza.

"Nitakinga," Nelly akajibu, wala hakufikiri. "Ila mguu nitaurudisha mapema."

Loo! Zipora aliinuka, akaenda jikoni, akachagua kipande kirefu cha mkaa kwenye gunia, akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Jumamosi tunaenda wote," alisema.

Jumamosi mchana walikuta wanafunzi kumi na watatu wameshapanga mstari, sare nyeupe zimefuliwa zikang'aa. Nelly alifunga mkanda wake, akajiunga nao, wakawa kumi na wanne. Donatus alipomwona Zipora mlangoni uso ulimchangamka kweli.

"Mama Boaz! Karibu sana. Pole na mkono."

"Nimeshapoa. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kutuangalia?"

"Nimekuja kuuliza huo mguu wangu."

Donatus alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka makuu. Akasema hakuna aliyemlaumu, ni kujifunza tu, hata yeye hukosea. Kisha akamwita Masudi waonyeshe. Masudi akainama, akachukua kisu cha mti, akapiga ukelele, akasogea hatua moja, akachoma. Mkono ukabaki pale mbele umenyooka, unangoja. Donatus akarudisha mguu, akakinga, akashika, akazungusha. Masudi akaruka, akatua kwenye turubai kwa kishindo. Darasa likapiga makofi.

"Masudi," Zipora alisema, "mbona mkono umeuacha pale?"

Masudi alikuwa anajipangusa. "Ndivyo inavyofanyika, Mama Boaz."

"Ungeurudisha je? Uchome tena?"

Masudi akamtazama Donatus, akatazama chini. "Sasa hapo si nitakuwa namkosea adabu Sensei?"

"Na huko kuruka? Kakurusha, au umeruka?"

Masudi akainama kuokota kisu cha mti. Wanafunzi wakaanza kuangaliana. Na Zipora akaona kitu ambacho miaka miwili hakukiona, akatamani kujizaba kofi mwenyewe. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyewahi kumchoma Donatus kwa nia ya kumpata. Nani angethubutu? Mwalimu wako, tena anakufundisha bure, tena kakuzidi umri, utamwangusha mbele za watu? Wote walimwangukia kwa heshima, naye akadhani amewaangusha. Pengine hata huko Mwanza alikotoka walimwangukia. Huyu mzee wa watu hakujua! Na kutojua kwake kumekula vidole vya mtu.

Zipora alifungua pindo la kanga. "Mimi nitakuchoma na hiki," alisema, akainua ule mkaa. "Kitakapogusa kitaacha alama. Hakikati. Wewe nikinge."

"Mama Boaz, wewe ni mgonjwa."

"Mkono wa kulia mzima."

"Si vizuri."

"Mwalimu, ulisema mbele ya mdogo wangu kwamba nilikosea. Jumatatu anapita njia ile. Nionyeshe basi nilipokosea, na yeye aone."

Donatus alivuta pumzi, akakaza mkanda, akasimama mkao wake. "Haya. Nikisema..."

Hakumaliza. Zipora alikuwa ameshamfikia. Mkaa ulimgusa tumboni, ukatoka, ukamgusa tena palepale, na mkono wa Donatus ulipopita juu kukinga ulikinga hewa.

"Simama!" Donatus alifoka. "Sijatoa amri!"

"Yule wa machimboni naye hakusubiri amri!" Zipora alipiga kelele, sauti imempasuka, machozi yanamtoka bila ruhusa yake. "Alingoja nani aseme moja? Eh? Alingoja nani?"

Akamrudia. Safari hii Donatus hakuwa anaonyesha, alikuwa anapigana, na ukweli usemwe, mtu yule hakuwa legelege. Alimkinga mara moja kinga safi. Alijaribu kushika kifundo, akashika kanga. Mkaa ukampita shingoni mstari mrefu, ukamgonga mbavuni, ukamchora ndani ya kiganja chake cha kushoto. Hapo alikasirika, akampiga Zipora ngumi ya kifua, ngumi ya kweli, iliyomtoa pumzi na kumkalisha chini kama gunia. Mkaa ukavunjika vipande viwili.

Akabaki amesimama juu yake anahema. Sare nyeupe ilikuwa imechafuka tumboni na mbavuni, na shingo ilikuwa na mstari mweusi kutoka sikio hadi kwenye kola. Zipora alikaa pale chini akisubiri pumzi zimrudie, akawaza: haya, wameona. Angalau wameona.

Mmoja akaanza kupiga makofi. Halafu wote.

"Sensei kamhurumia!" mmoja alisema. "Mmemwona alivyomwachia mwanzoni?"

"Angetaka si angemmaliza palepale."

"Na mwisho kamwangusha kwa kipigo kimoja tu!"

Khaa! Zipora aliwatazama mmoja mmoja, wala hakuamini masikio yake. Mtu mzima amesimama mbele yao amechorwa kifo mara tano, nao wanapiga makofi! Akamgeukia Donatus. Maneno mawili tu yangetosha. Angesema "Sikumhurumia, jamani," yangekwisha. Na Donatus alijua. Alikuwa anakitazama kile kiganja chake chenye mkaa.

Nelly alitoka kwenye mstari.

"Sensei," alisema, "eti ulimhurumia?"

Donatus alikifunga kile kiganja.

"Dada yako ana machungu," alisema. "Mtu mwenye machungu hatushindani naye. Rudi kwenye mstari, Nelly."

"Nimekuuliza, Sensei. Ulimhurumia?"

"Rudi kwenye mstari!"

Zipora hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia yule kwa dakika ile. Ngumi alimsamehe palepale, maana ngumi ilikuwa ndicho kitu cha kweli pekee alichowahi kumfundisha. Uongo hakumsamehe. Mtu mwema, mwenye roho nzuri, aliyewafundisha bure, alikuwa tayari mtoto wa watu akachinjwe njiani kuliko yeye aonekane ameshindwa na mponda mawe mwenye mkono mmoja.

Donatus aligeuka akalikabili darasa. "Kinga ya kisu!" aliita. "Mguu wa kushoto nyuma! Moja!"

Miguu kumi na mitatu ikarudi nyuma. Mikono kumi na mitatu ikapanda. Masudi naye alikuwemo, wa kwanza kabisa kushoto, ila hakuinua macho.

"Mbili!"

Nelly hakurudi kwenye mstari. Alikuja akachuchumaa kando ya dada yake juu ya turubai, akamshika begani, akaitazama ile kanga iliyojaa masizi. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtoto mdogo anayeogopa, na Zipora hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu walipomzika mama yao.

"Dada," alisema, "Jumatatu akinitokea, nikimbilie upande gani?"

Zipora alimshika uso kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule usiokunjika.

"Kwenye watu," alisema. "Mtupie kiroba, mtupie na simu, akitaka na kanga mtupie. Ukimbie kwenye watu, Nelly, na usisimame mpaka mtu akushike."

"Tatu!" Donatus aliita nyuma yao, na darasa likaitikia kwa pamoja.