Fewster Wawili wa Ghorofa ya Kumi na Tisa

Bwana Fewster alikuwa na ugonjwa wa jina lake. Mabosi wenzake katika minara hii ya Jumeirah Lake Towers, Dubai, hupenda gofu, au boti, au wake za watu. Yeye alipenda jina. Pale ambapo bosi mwingine wa bima za meli angetundika picha ya meli, yeye alitundika ramani ya dunia na kuidunga pini, kila pini Fewster mmoja aliyethibitishwa. Nyingi zilisongamana mashariki ya Yorkshire, chache zilipanda hadi Durham, na zilizobaki zilitawanyika mojamoja hadi Kanada na Australia, kama mchele uliomponyoka mpishi.

Mimi, Agneta, nilikuwa mhudumu wa ofisi yake: chai, kahawa, fotokopi, bahasha, na kumsikiliza. Kumsikiliza hakukuandikwa kwenye mkataba, ila ndiko kulikonichosha zaidi. Kwa miaka sita nilielezwa kwamba Fewster ni jina la kazi, tena adimu. Kwamba mababu zake walikuwa mafundi wa kuchonga kiunzi cha mbao kinachokaa ndani ya tandiko la farasi. Na kwamba huko kwao kuna chama kizima cha watu wanaofuatilia majina hadi kwenye mizizi. Jina Fewster lilikuwa chini ya ulezi wake. Alikuwa na karatasi za ukoo wake kurudi nyuma miaka mia nne. Maseremala basi, niliwaza nikimwekea sukari. Kwetu Vihiga maseremala tunao tele na hakuna aliyewachorea ramani.

Septemba kampuni ya ulinzi ikatuletea askari mpya wa mapokezi. Kifuani alivaa kibandiko kilichoandikwa GERISHOM FEWSTER.

Bwana Fewster alitoka kwenye lifti, akasoma, akasimama. "Nani alikuuzia jina hili?" akauliza kwa Kiingereza chake cha taratibu, huku akikigonga kibandiko kwa kidole. Akawaita watu wa ofisini watoke waone. Akampeleka Gerishom mbele ya ramani, akamshikisha pini aidunge pale Kenya, akampiga picha. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana bosi akicheka nawe umebeba trei, utafanyaje?

Gerishom hakucheka wala hakununa. Ni mtu wa Vihiga kama mimi, tena wa kanisa la Friends, watu waliofundishwa kunyamaza. Akaeleza kwa heshima. Baba yake, Mzee Matia, alizaliwa kwenye shamba la mlowezi mmoja kule Trans Nzoia, ambako babu alikamua ng'ombe na bibi alifanya kazi jikoni. Mlowezi aliitwa Fewster. Karani wa misheni alipowaandikisha watoto wa wafanyakazi, aliwapa wote jina la mwenye shamba. Familia iliporudi nyumbani, jina lilirudi nao.

"Kumbe ulipigwa chapa, kama ng'ombe wa shamba," Bwana Fewster akasema, na hapo akawa amembatiza. Fewster wa Chapa, fungua mlango. Fewster wa Chapa, pandisha haya maboksi. Hata Wahindi wa uhasibu, watu wapole, walimwita hivyo.

Kuna sehemu ambayo Gerishom hakuisema mbele ya watu. Aliniambia mimi mwezi wa Novemba, jikoni mwa ofisi, tukila chapati baridi. Baba yake alikuwa amefariki siku kumi na moja kabla, na mwili ulikuwa bado mochari.

Kwetu mtu hulazwa katika boma la baba yake. Mzee Matia alikuwa kifungua mimba, na nafasi yake ilijulikana. Lakini alizaliwa mweupe wa ngozi, na minong'ono kuhusu jiko la Mzungu ilimfuata tangu utotoni. Walimwacha alime, aoe, awe mzee wa kanisa. Akichangia harambee, pesa zake hazikuwa na rangi. Alipokufa ndipo wazee wa ukoo walipokumbuka habari za damu. Walisema mgeni hazikwi katika boma la watu, apelekwe kwa Fewster wake.

"Mama amelala pale," Gerishom akaniambia. "Baba aliacha nafasi kando yake, akapanda maua kuizunguka, akawa anayapalilia kila Jumamosi. Aki dada, mimi sitaki shamba, sitaki chochote. Nataka tu alale kando ya mama."

Siku hizohizo chama cha majina kilikuwa kimemwandikia bosi. Wafewster wa Yorkshire walikwisha kupimwa damu ya upande wa kiume, ile anayoirithi mtoto wa kiume kwa baba yake, na wote walilingana. Aliyebaki alikuwa mlezi wao. Bwana Fewster hakuwa ameona haja, karatasi zake zilimtosha. Sasa akaamua kulifanya jambo hilo kuwa mchezo: angejipima yeye na Fewster wa Chapa pamoja, kisha awasomee wenzake majibu kwenye mkutano wa Februari.

Gerishom alikubali kabla sentensi haijaisha. Kipimo kikisema yeye si damu ya Mzungu, wazee watasema nini tena? Akawa anaomba asifanane na wale wa Yorkshire. Bosi naye hakutaka afanane nao. Sijawahi kuona askari na bosi wakiombea kitu kimoja namna ile.

Kila mmoja alijisugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Mimi niliandika majina kwenye vichupa, kwa herufi kubwa, nikavifunga na kumkabidhi tarishi. Sikukosea. Nataka hilo lijulikane, hata kama halimsaidii mtu.

Majibu yalikuja Januari, Jumanne saa nne asubuhi, nami nikaambiwa niyachapishe. Niliyasoma kwenye mashine, karatasi zikiwa bado moto. Gerishom alifanana na watu wa Yorkshire kama aliyezaliwa nao nyumba moja. Bwana Fewster hakufanana na Fewster hata mmoja. Mahali fulani katika ile miaka mia nne, mke wa seremala mmoja alikuwa amepata mtoto kwingine.

Nilimpelekea karatasi pamoja na kahawa. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Kahawa aliisogeza pembeni.

"Majina kwenye vichupa uliandika wewe?"

"Ndiyo, sir."

"Basi uliyachanganya."

"Hapana, sir. Sikuyachanganya."

Hakupandisha sauti. Aliniuliza visa yangu inaisha lini. Alijua inaisha mwezi uleule. Kafeel wangu, mdhamini wa visa, ni kampuni yake na saini ni yake. Akanikumbusha kwamba nina watoto wawili shuleni, akawataja kwa majina yao, kwa upole, kama mjomba. Kisha akaandika mistari mitatu kwenye kompyuta, akaichapisha, akanigeuzia: mimi, Agneta, nakiri kwamba kwa uzembe nilibadilisha majina ya vichupa viwili. Nikasaini.

Nilipokuwa nikiosha kikombe chake nilijiambia kwamba uongo huu una faida kwa kila mtu. Bosi atabaki na ukoo wake. Gerishom atapata karatasi aliyoiombea. Mzee Matia atalala kando ya mkewe. Nani ameumia? Hata nilijisifu kidogo. Mtu mwoga akipata sababu nzuri, huwezi kumwambia kitu.

Maabara ilipopelekewa karatasi niliyosaini ilituma majibu mapya, majina yamegeuzwa. Bwana Fewster alimwita Gerishom mbele ya watu, akamkabidhi karatasi yake na kuing'oa pini ya Kenya ukutani. "Wewe si chochote kwetu," akamwambia, huku akimpigapiga begani. Watu walicheka. Gerishom aliinamisha kichwa akalia, akasema, "Asante sana, sir. Mungu akubariki." Kicheko kilikatika, maana hakuna aliyejua anashukuru nini. Mimi nilijua, na nilifurahi. Kweli nilifurahi.

Mzee wa pekee wa ukoo aliyekuwa upande wa Gerishom ni Baba Shem, mdogo wake Mzee Matia, aliyezaliwa baada ya familia kurudi Vihiga na ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Shem aliwasomea wazee ile karatasi. Walikohoa, wakatazamana, wakakubali. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Kaburi likachimbwa kando ya mama.

Alhamisi, saa ya mapumziko, mzee mmoja wa ukoo alimpigia Gerishom simu. Nilikuwa kwenye sinki, hatua mbili kutoka kwake, na simu ilikuwa kwenye spika.

"Karatasi yako inasema Matia si wa Mzungu," mzee akasema. "Haisemi ni wetu. Lakini tutazika tu, tumechoka."

Tutazika tu, tumechoka. Mtu mwenye akili angelidaka neno hilo, akashukuru na kukata simu. Siku nyingine Gerishom angefanya hivyo. Lakini miaka thelathini na minane alikuwa mwana wa mtoto wa Mzungu, na sasa alikuwa na karatasi ya maabara mfukoni. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti.

"Hapana, mzee! Usinizikie baba kwa kuchoka! Wachukue mate ya Baba Shem, wapime na baba palepale mochari. Halafu nataka mje mwombe msamaha kaburini, mmoja mmoja!"

"Tuache kuzika kwanza?"

"Acheni! Mimi siogopi damu yangu."

"Haya. Umesema wewe."

Nilikuwa nimeshika kikombe chenye povu. Sikuhitaji hata kukiri. Ningesema tu: Gerishom, mpigie tena, chukua Jumamosi yako unyamaze. Maneno machache hayo. Fomu ya visa yangu ilikuwa mezani kwa bosi, ikingoja saini alasiri hiyo, na Gerishom akichochewa kidogo tu angeuliza kwa nini.

Akanigeukia, macho yanang'aa. "Dada, si karatasi iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema.

Visa ilisainiwa saa tisa.

Maabara ya kule nyumbani ilichukua wiki tatu. Majibu yalisema Mzee Matia na Shem ni wa mama mmoja, baba mbalimbali. Shem alilia hadi akashikwa. Wazee hawakuhitaji kikao. Matia si wa Mzungu, karatasi ya Dubai imesema; si wetu, karatasi ya Kenya imesema. Basi mama yake alimwokota wapi? Bibi aliyekufa kabla nusu yao hawajazaliwa sasa aliitwa malaya sokoni. Kaburi la kando ya mama likafukiwa tupu. Mochari walikuwa wamekwisha kuchoka kungoja, na kaunti ina makaburi yake kwa watu wasio na pa kulazwa.

Alizikwa Jumatano. Kampuni ya ulinzi ilikataa kumpa Gerishom ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo alizika kwa simu, jikoni mwa ofisi, saa nane mchana ya Dubai. Dada yake ndiye aliyeshika simu kule. Niliona kiwanja kisicho na ua, wachimbaji wanne waliotaka kumaliza waende, kigingi chenye namba. Shem alikuwa amesimama peke yake, kofia mkononi. Mbali na hao wawili hakuna mtu wa ukoo aliyekuja, na wimbo ulianza ukafa kwa kukosa watu.

Chumba cha pili, mlango ukiwa nusu wazi, Bwana Fewster alikuwa kwenye mkutano wake wa mtandaoni. Nilimsikia akiwaeleza wenzake jinsi damu yake ilivyooana na ya Yorkshire, na jinsi mhudumu mzembe alivyokaribia kuharibu kila kitu. Wakacheka. Wakapiga makofi.

Hapo ndipo nilipomwambia Gerishom. Si kwa wema. Nilikuwa nimeshindwa kulibeba. Nilimwambia yote, vichupa, mistari mitatu, saini, visa. Alinisikiliza bila kuondoa macho kwenye simu.

"So mimi ndio Fewster?" akauliza.

"Wewe ndiye. Yeye si."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Kwenye simu wachimbaji walikuwa wakisawazisha udongo kwa migongo ya majembe.

"Ile Alhamisi," akasema, "kama ningejua, ningenyamaza."

"Najua."

"Baba angekuwa kando ya mama."

"Najua, Gerishom."

"Hata leo asubuhi ungeniambia. Kabla hawajafukia. Ningemwambia Baba Shem amrudishe mochari. Ningewapigia wazee magoti kwa simu." Akafuta kioo cha simu kwa mkono wa sare yake. "Dada, wewe umetoka kwetu. Ulijua kwetu mtu akishafukiwa hafukuliwi."

Nilijua. Kengele ya ofisi ya bosi ikalia, alitaka chai. Nikaimimina, nikaweka sukari mbili kama apendavyo, nikampelekea.