Chumvi Inayosikika

"Wekeni chumvi kijiko kimoja kimoja, mkoroge, mpaka mwone haiyeyuki tena," alisema Mwalimu Lameck. "Penina, wewe subiri wenzako watakusimulia."

Penina haoni tangu kuzaliwa. Alikuwa amehamia darasa la sita katika shule ya Miyuji kutoka shule ya wasioona ya Buigiri, na kusimuliwa kulikuwa kumemchosha. Akapapasa meza, akaipata glasi ya maji, akalipata na kopo la chumvi.

"Nitakoroga mwenyewe, mwalimu."

Akatia kijiko cha kwanza, akakoroga polepole huku sikio ameliinamisha. Punje zilikwaruza kioo, kisha zikanyamaza. Basi kiyeyushwa, yaani chumvi, kimeingia ndani ya kiyeyushi, yaani maji; chumvi haikupotea, imetawanyika tu majini. Akaongeza cha pili, cha tatu. Nyuma yake watu walicheka. Akawaacha wacheke.

Kijiko cha nane, mkwaruzo haukukoma. Alikoroga mpaka mkono ukamuuma, na bado aliusikia.

"Myeyusho umeshiba," akasema. "Maji hayapokei chumvi zaidi."

"Umeshiba wapi?" akabisha Hassani, jirani yake wa dawati. "Chumvi yote imeyeyuka, mimi naona!"

"Na mimi naisikia. Imo."

Mwalimu akaichukua glasi, akaiinua dirishani penye jua, akakodoa macho. Chini kabisa, punje chache zilimetameta.

Akairudisha mbele ya Penina, taratibu, kisha akaligeukia darasa.

"Haya, mwageni yote, tunaanza upya. Na safari hii, kila mtu afumbe macho."